Ziwa na Bahari: Namna ya Kuzisoma Injili Nne

Agano Jipya ni kitabu kimoja kwa jalada lake tu. Ndani yake mna vitabu 27, ambavyo havikuandikwa na mkono mmoja, wala mahali pamoja, wala kwa kusudi moja. Kila mwanafunzi hulijua jambo hili, maana hukaririshwa tangu darasa za chini: Injili 4, Matendo ya Mitume, Nyaraka 21 na Ufunuo. Hulijua, kisha husoma kana kwamba hakuambiwa. Mwulize habari ya tufani ya Galilaya, naye atakupa kisa kimoja alichokiunga mwenyewe bila kutambua: mto wa kulalia ameutoa kwa Marko, kilio cha kuomba wokovu amekitoa kwa Mathayo, na neno ziwa amelitoa kwa Luka. Kisa hicho hakimo katika Injili yo yote. Ni cha tano, na mwandishi wake ni yeye.

Usiicheke, msomaji, kazi hii ya kuunga. Watu wenye elimu kubwa wameifanya tangu zamani. Tatiano wa Siria, katika karne ya pili, alizishona Injili zote nne zikawa habari moja, na makanisa ya upande ule yaliisoma kwa muda mrefu. Walakini mwishowe makanisa yalirudi kwenye zile nne, pamoja na tofauti zake zote, yakaona heri mashahidi wanne wasiosema sawasawa kuliko mmoja aliyesawazishwa. Mitihani hupenda orodha na majibu mafupi, kwa hiyo humfanya kila mwanafunzi kuwa Tatiano mdogo. Katika insha hii nataka tuipinge tabia hiyo kwa kitambo.

Yafaa kwanza tushike mambo machache ya wakati. Maandiko ya kwanza kabisa katika Agano Jipya si Injili, bali ni nyaraka za Paulo. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike hudhaniwa kuwa uliandikwa karibu na mwaka 50. Injili ya Marko wataalamu wengi huiweka karibu na mwaka 70, Mathayo na Luka miaka kumi au ishirini baadaye, na Yohana mwishoni mwa karne ile. Zote zimeandikwa kwa Kiyunani cha watu wa kawaida, lugha ya sokoni na bandarini. Orodha ya vitabu hivi 27, bila kuzidi wala kupungua, twaiona mara ya kwanza katika barua ya Athanasio, askofu wa Iskandaria, ya mwaka 367. Kwa hiyo vizazi kadhaa vya Wakristo viliishi na kufa pasipo kukiona kitabu hiki kama tukionavyo sisi.

Sasa twende ziwani. Wewe ukaaye Kisumu una faida ambayo mwanafunzi wa bara kavu hana. Panda Milimani, ambako siku za ukoloni Wazungu walijijengea nyumba zao, utazame magharibi wakati wa jioni. Maji uyaonayo ni ya Ghuba ya Winam, nayo ni pembe tu ya ziwa kubwa. Hata hivyo pembe hiyo yalizidi mara kadhaa lile ziwa la Galilaya, ambalo lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa kilomita 13. Wala yetu haimo shimoni kama lile: Kisumu iko zaidi ya meta 1,100 juu ya bahari, na maji ya Galilaya yako meta 200 na zaidi chini ya usawa wake.

Basi yaonekana ni ajabu kwamba Marko na Mathayo wayaita maji yale madogo bahari, na Yohana vivyo hivyo. Luka peke yake ayaita ziwa, wala hayaiti bahari hata mara moja. Tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, ilihifadhi tofauti hii kwa uaminifu, nayo ni sifa mojawapo ya tafsiri hiyo. Lakini wasomaji wengi hupita juu yake kama mtu apitaye juu ya jiwe gizani.

Je, Marko hakujua ziwa ni nini? Alijua. Ila nyuma ya Kiyunani chake mna lugha za nyumbani, Kiebrania na Kiaramu, ambazo hutumia neno moja, yam, kwa maji ya ziwa na ya bahari pia. Mwenye kusema Kijaluo hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa sababu neno lake nam hufanya kazi ile ile. Mjaluo akiitaja bahari ya Mombasa aweza kusema nam, na akilitaja Lolwe aweza kusema nam, wala hakuna atakayemkosoa. Marko, au wale waliomsimulia, huzungumza kama wenyeji wa pwani: kwao maji yale yalikuwa maji, na ukubwa wake ulipimwa kwa hofu ya mvuvi, si kwa kamba ya mpima ardhi.

Luka ni mtu mwingine. Mwandishi huyu, ambaye ndiye pia mwandishi wa Matendo ya Mitume, aijua bahari yenyewe. Soma sura ya 27 ya Matendo, safari ya Paulo kwenda Rumi na kuvunjika kwa merikebu yao karibu na Melita: watu 276 chomboni, kina kikipimwa usiku pima 20 kisha 15, nanga nne zikitupwa nyuma. Mtu aliyeandika hayo hawezi kuyaita maji ya Galilaya bahari bila kutabasamu. Twajifunza basi, kwa neno moja dogo, kwamba Luka anawaandikia wasomaji wa miji mikubwa, watu waliozoea ramani na safari. Hata dibaji yake yasema hivyo kwa njia yake: amewachunguza waliomtangulia, naye ataandika kwa taratibu.

Tuitazame sasa tufani yenyewe. Kwa Marko, katika sura ya 4, ni jioni. Pana vyombo vingine vinavyofuatana na kile. Mawimbi yanaingia hata chombo kinaanza kujaa, na Yesu yu nyuma, amelala, kichwa chake juu ya mto. Wanafunzi wanamwamsha kwa maneno makali, kama watu wanaomlaumu mwenzao asiyejali kwamba wanakufa. Yeye anaukemea upepo, kisha anawageukia. Mathayo, katika sura ya 8, anautupa mto, anaviacha vile vyombo vingine, na lawama yao anaigeuza kuwa sala: wamwita Bwana, wamwomba awaokoe. Kisha anafanya jambo la ajabu. Kwake Yesu anawaambia habari ya imani yao haba wakati mawimbi yangali yakipiga. Upepo unangoja zamu yake. Luka naye anamlaza Yesu kabla upepo haujashuka, na kilio cha wanafunzi anakifanya kifupi, kisicho lawama wala sala.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Kijerumani, Günther Bornkamm, aliandika makala juu ya mabadiliko haya ya Mathayo, akaonyesha kwamba mwandishi huyu hakuwa mnakili tu. Alikuwa mfasiri wa kisa, na chombo chake kimekuwa mfano wa kanisa lenye kutaabika. Makala ile imewafunza wengi kusoma. Mimi naikubali, lakini katika sanaa ya kusimulia nampa Marko ushindi. Ule mto haufundishi kitu. Upo tu, kama vitu viwavyo mbele ya macho ya mtu aliyekuwapo. Mathayo ni mwalimu mwema, na kama walimu wema wote, amefagia chumba kabla ya somo.

Kuhusu chombo chenyewe tunayo bahati. Mwaka 1986, maji ya Galilaya yalipopungua kwa ukame, palionekana matopeni mashua ya kale ya karibu na karne ya kwanza, yenye urefu wa meta 8 na kidogo. Wajuzi wasema mashua za namna ile zilikuwa na sakafu nyuma, mahali ambapo mtu aliyechoka angeweza kujinyosha. Tafsiri ya 1952 yapaita mahali hapo shetri, neno la mabaharia wa Mombasa na Lamu. Kijana wa Dunga hulisoma bila kujua ni upande upi wa mtumbwi; naye akikuta katika aya hiyo hiyo neno mto, aweza kwa dakika moja kudhani Yesu alilala juu ya maji yatiririkayo. Kiswahili kina haki ya kucheka kidogo pamoja naye.

Lugha yetu, hata hivyo, mara nyingine hutoa kuliko ilivyopewa. Paulo, akianza waraka kwa Warumi, ajiita kwa majina mawili. Kwa Kiyunani ni doulos na apostolos, maneno yasiyo na udugu wo wote. Kwa Kiswahili ni mtumwa na mtume, na yote mawili yametoka katika kutuma. Msomaji wa Kiswahili asikia mwangwi ambao Warumi hawakuusikia. Ni uzuri, lakini tujihadhari nao, maana huulainisha ukali wa neno la kwanza. Doulos alikuwa mtu anayeuzwa. Pwani yetu yamjua mtu huyo: Edward Steere aliifanya kazi yake ya kufasiri Agano Jipya Unguja, mahali ambapo soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa kuu likajengwa juu ya kiwanja chake. Usome waraka mfupi kwa Filemoni ukiwa umelikumbuka soko lile. Paulo amrudisha Onesimo kwa bwana wake, huku akimsihi bwana ampokee kama ndugu. Hasemi wazi kwamba amwachilie. Watu wamebishana juu ya kimya hicho kwa karne nyingi, na wewe una haki ya kuingia katika ubishi huo, mradi umeisoma barua yenyewe, ambayo haimalizi ukurasa mmoja au miwili.

Mtaniuliza, haya yote yana faida gani nje ya darasa? Nawapa mfano wa nyumbani. Agano Jipya la Kijaluo lilitolewa mwaka 1926, na Biblia nzima mwaka 1953. Kabla na baada ya hapo palikuwa na desturi katika misheni kwamba anayebatizwa apewe jina la kigeni, na wengi waliamini kwamba ndivyo Maandiko yaagizavyo. Jaramogi Oginga Odinga, aliyesoma Maseno na kufundisha huko, ameeleza katika kitabu chake Not Yet Uhuru cha mwaka 1967 jinsi alivyoshindana na watu wa kanisa alipotaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya wazee wa Kijaluo. Sasa fungua sura ya mwisho ya Warumi, ile orodha ya salamu ambayo kila mtu huiruka. Yumo Fibi, mtumishi wa kanisa, ambaye jina lake ni la miungu wa Kiyunani. Yumo Herme, aitwaye kama mungu wa wasafiri. Katika nyaraka nyingine yumo Apolo, jina lililotokana na Apollo. Hakuna aliyewaambia wayabadilishe. Aliyeisoma orodha hiyo kwa makini angekuwa na jibu mkononi. Aliyekariri idadi ya nyaraka tu angenyamaza.

Nimemweka Yohana mwisho, kwa kuwa ndiye mgumu. Hana ile tufani ya mto, wala hana mifano ya ufalme kama wenzake. Ana hotuba ndefu, ana maji, mkate, nuru. Mtu aweza kudhani kwamba ameondoka kabisa pwani na kupanda mawinguni. Lakini sura yake ya 21 yaturudisha alfajiri ufukoni, baada ya usiku wa wavu mtupu, na humo mna hesabu: samaki wakubwa 153. Jeromu alidhani ni idadi ya aina zote za samaki duniani. Augustino aligundua kwamba ukijumlisha 1 mpaka 17 wapata 153, akaona siri kubwa ndani yake. Siwezi kuwakataza wapendao siri. Lakini shuka kutoka Milimani hadi Dunga asubuhi, uone kama samaki wakubwa hupandishwa pwani bila kuhesabiwa au kupimwa. Mwenye wavu ana fungu lake, mwenye chombo ana lake, na wapiga makasia wamesimama wanangoja. Aliyeiandika hesabu ile alikuwa ameyasikia maneno ya watu wanaogawana.