Mnakili wa Nukta Nundu

Shangazi yangu, Mola amrehemu, alikuwa mshonaji wa kofia za viua katika mtaa wa Kibokoni, Mombasa, na waliomjua kwa kazi hiyo walikuwa wengi kuliko waliojua kwamba kila alasiri, akisha kukunja kofia na kuokota sindano zake mkekani, aliketi kunakili vitabu vya watoto wasioona. Akaifanya kazi hiyo ya kunakili zaidi ya miaka ishirini, bila ya ujira wala cheo, na bila ya kutaka jina lake litiwe katika kurasa alizozitoboa.

Nasema alizitoboa kwa sababu nukta nundu, maandishi yasomwayo kwa kidole, hazihitaji wino. Mwandishi hubana karatasi nene katika kibao chenye safu za vijidirisha, kila kijidirisha kina nafasi ya nukta sita, naye huzidonoa moja moja kwa kalamu ya chuma. Na kwa kuwa nukta huchomoza upande wa pili wa karatasi, hana budi kuanza kuliani na kwenda kushotoni, akiigeuza kila herufi kama ionekanavyo katika kioo, ili karatasi ikisha kupinduliwa kidole cha mtoto kianze kushoto na kuzikuta herufi zimekaa sawa. Wanafunzi wengi wa kazi hii huikimbia hapo. Shangazi alisaidiwa na utoto wake, maana mkono uliofundishwa chuoni kuandika herufi za Kiarabu kutoka kulia haukuona ajabu, na vidole vilivyohesabu matundu ya viua tangu ukigori vilijua tofauti ya tundu moja na jingine hata taa ilipopungua mafuta.

Walakini kule kugeuza kuna hatari yake. Herufi d isipogeuzwa husomeka f, h husomeka j, na e husomeka i. Basi kwa kughafilika mara moja tu dua huwa fua, na hina huwa jina. Nukta iliyozidi yaweza kulazwa kwa ukucha, lakini huacha ukwaruzo ambao jicho haliuoni na kidole huuona. Nilimwona akiuacha ukurasa mzima katika mstari wa mwisho kwa ajili ya nukta moja, akatwaa karatasi nyingine akaanza upya, nami nilipomwambia kwamba kosa dogo namna ile mtoto angelielewa, alinijibu pasipo kuinua uso, “Wewe ukikuta kosa hutazama picha iliyo kando, au humwuliza jirani yako. Huyu hana ila nilichompa.”

Aliyeibuni hati hii, Louis Braille, alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, na alikuwa na miaka mitatu alipojichoma jicho moja kwa chombo kikali cha kutobolea ngozi katika karakana ya babake. Maradhi yakaenea hata jicho la pili, akawa haoni kabisa. Mwaka 1829, kijana wa miaka ishirini, alichapisha njia yake ya nukta sita, nukta zitiwazo kwa ncha isiyo mbali na ile iliyomdhuru. Hakuiweka herufi w pamoja na nyingine, kwa kuwa Kifaransa cha siku zake hakikuihesabu katika alfabeti yake; iliongezwa baadaye. Mara nyingi mimi huikumbuka habari hii, kwa sababu sisi Waswahili hatuwezi kuandika watoto, wala walimu, wala wazee, ila kwa herufi hiyo iliyochelewa.

Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida hutoa kurasa mbili na zaidi za nukta, hivyo hadithi ya kuchukulika kwapani huwa majuzuu mazito, na majuzuu hayo hayalazwi yakalaliana, bali husimamishwa, kwani uzito huzifisha nukta. Katika shule moja mtu asiyejua alizipanga kazi za shangazi ghalani kama matofali, kitabu juu ya kitabu, kwa likizo nzima. Shule ilipofunguliwa, binti mmoja alipitisha kidole, akarudi nyuma, akapitisha tena, kisha akasema kwa adabu, “Bibi, hapa pana nukta zimelala.” Shangazi alivikagua vitabu vile kwa kidole chake mwenyewe, na miezi ya jasho lake ilikuwa imesawazika kama meza. Hakumlaumu mtu. Alimshika binti yule mkono, akamwambia, “Nipe, mwanangu, nikaziamshe,” na jioni ile ile akabana karatasi ya kwanza kibaoni.

Nimesikia watu wakimsifu kwa huruma yake. Huruma alikuwa nayo, wala sikatai, lakini sifa hiyo humpunja, kwa kuwa mwenye huruma tupu huja siku ya sherehe na mfuko wa peremende, akapigwa picha, akaenda zake. Ilhali yeye aliwatendea watoto wale kama wasomaji, na msomaji hustahiwa kwa kupewa maandishi sahihi. Kwa hesabu yangu mimi, hakuna heshima kubwa kupita hiyo awezayo mtu kumpa mtoto wa mwenzake.

Kibao chake ninacho, na kalamu yake, ambayo kishikio cha mti kimelika mahali alipokuwa akiweka kidole cha shahada. Ewe msomaji, ikiwa una mikono miwili na alasiri zisizo na shughuli, nenda katika shule ya watoto wasioona iliyo karibu nawe, umwulize mwalimu ni kitabu gani ambacho wanafunzi wake wanakitaka na bado hawakipati.