Mtoto wa Nyoka Aimbapo: Uhakiki wa Filamu "Descendants"

Filamu za muziki zitungwazo kwa ajili ya vijana huitwa na wahakiki wengi "kazi nyepesi", na neno hilo hutamkwa kama hukumu. Hoja ya makala haya ni kwamba wepesi si upungufu wa maudhui. Ni fani, nayo yafaa ipimwe kwa vigezo vyake. Mfano tuliouchagua ni "Descendants", filamu ya televisheni iliyoongozwa na Kenny Ortega na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 2015. Ortega alikuwa amekwisha kujulikana kwa "High School Musical" (2006). Safari hii aliwapeleka vijana wake waimbaji katika ulimwengu wa ngano.

Kisa chenyewe ni hiki. Wahusika wema wa ngano wanaishi pamoja katika ufalme wa Auradon, na waovu wamefungiwa kisiwani nyuma ya kizuizi cha uchawi. Ben, mwana wa mfalme, anakaribia kutawazwa. Amri yake ya kwanza ni kuwaita katika shule ya Auradon watoto wanne wa waovu: Mal, binti wa Maleficent, Evie, binti wa malkia aliyemtesa Snow White, Jay, mwana wa Jafar, na Carlos, mwana wa Cruella de Vil. Wazazi wanawaagiza waibe fimbo ya uchawi ya yule bibi aliyemsaidia Cinderella, ambaye sasa ndiye mkuu wa shule.

Wahenga walisema: mtoto wa nyoka ni nyoka. Ngano huipenda sana methali hiyo, kwa kuwa wahusika wake hawabadiliki: sungura ni mjanja, fisi ni mlafi, basi. Filamu hii yauliza swali ambalo ngano haikuzoea kuliuliza: ingekuwaje mwana wa fisi akiketi darasa moja na wana wa sungura?

Jibu halitolewi kwa mahubiri, bali kwa nyimbo. Wimbo wa kwanza ni majigambo. Vijana wanne wanarukaruka juu ya mapaa na sokoni wakijisifu kwa ubovu wao, na mguu wa mtazamaji wafuata mdundo kabla dhamiri yake haijauliza lolote. Hapo ndipo penye raha: tunafurahi pamoja na wakosaji. Lakini tukisikiliza vema, twagundua kwamba sifa wanazojigambia ni za wazazi wao. Wimbo mwingine ni usia. Katika jumba la makumbusho, sanamu ya Maleficent yapata uhai na kumwimbia bintiye awe mwovu kama mamaye. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka Utendi wa Mwana Kupona (1858), usia wa mama kwa binti; huu ni usia uliopinduliwa kichwa chini, na Kristin Chenoweth auimba kwa madaha hata twacheka. Kisha, kando ya ziwa, Mal aimba peke yake, naye hajigambi wala haagizwi. Anasitasita. Kutoka majigambo hadi usia, kutoka usia hadi sauti ya nafsi: huo ndio ukuaji wa mhusika, nao umejengwa kwa muziki.

Kicheko nacho kina kazi. Mal anamlisha Ben biskuti yenye limbwata, na kijana wa kifalme anaimba mapenzi yake mbele ya uwanja mzima. Mwishoni Maleficent anageuka joka la kutisha. Vijana wanne wanamkabili, naye anasinyaa akawa mjusi. Tunaelezwa kwamba amefikia kimo cha upendo uliomo moyoni mwake. Ni mzaha, lakini twambieni ni hotuba gani ingelisema jambo hilo kwa ufupi zaidi.

Dosari zipo, na si ndogo. Nasaba ya wahusika hawa si ya ngano hasa, bali ya kampuni ya Disney: kizee mchawi wa Perrault (1697) hakuwa na jina, na jina Maleficent lilitokana na filamu ya mwaka 1959. Urithi unaosimuliwa ni mali ya biashara pia. Tena, wanne wanaokolewa, na sherehe inachezwa huku watoto wenzao wakiwa bado kisiwani. Furaha hiyo ina deni. Watungaji wenyewe walilazimika kulirudia: katika filamu ya pili (2017) Uma, binti wa Ursula, anadai haki ya walioachwa, na ni katika ya tatu (2019) ndipo kizuizi kinaondolewa.

Swali lililobebwa na wimbo mwepesi, basi, lilihitaji filamu tatu kupata jibu. Popote mtoto aulizwapo ni mwana wa nani kabla ya kuulizwa jina lake, swali hilo si la kitoto. Mwalimu wa fasihi asiwafukuze wanafunzi wanaoziimba nyimbo hizi uani. Awaulize kila wimbo ni sauti ya nani: ya mzazi, au ya mwimbaji mwenyewe. Wakiweza kujibu, wameanza uhakiki.