Neptune Frost: mashine zinang'aa, fundi haonekani



Leo naleta hapa filamu ambayo inatuhusu siye watu wa Goma kuliko vile wengi wanafikiri. Jina lake ni Neptune Frost. Imetengenezwa na wawili: Saul Williams, mshairi na mwanamuziki wa Marekani, na Anisia Uzeyman, mwigizaji wa Rwanda ambaye ndiye pia alishika kamera. Ilionyeshwa mara ya kwanza Cannes, Ufaransa, mwaka 2021. Imepigwa Rwanda, hadithi yake iko Burundi, na watu wake wanasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Hapa kwetu mtu anaweza kufuata sehemu kubwa bila kusoma maandishi ya chini.

Niliiangalia mara mbili. Nitasema mapema nilichoona, ili asiye na muda asisome yote bure: filamu hii imeelewa vizuri sana kompyuta inatoka wapi, lakini haikuelewa kompyuta inaenda wapi ikisha kutupwa. Kati ya shimo la madini na jalala kuna mutu mumoja imemruka. Huyo mutu ni fundi.

Tuanze na hadithi. Vijana wanachimba koltani chini ya walinzi wenye silaha. Mmoja, Tekno, anaokota jiwe, analiinua, analitazama. Kwa kosa hilo la kutazama tu, mlinzi anampiga mpaka anakufa. Ndugu yake, Matalusa, anaacha shimo na kutembea. Upande mwingine kuna Neptune, mtu aliyezaliwa na jinsia mbili, anayekimbia kwao. Anaigizwa kwanza na Elvis Ngabo, baadaye na Cheryl Isheja. Wote wawili wanafika katika kijiji cha ajabu kilichojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na huko wanakuta vijana wanaoingia katika mitandao ya dunia nzima na kuivuruga. Mizizi ya mradi huu ni ya zamani kidogo: mwaka 2016 Williams alitoa albamu iitwayo MartyrLoserKing, juu ya kijana wa Burundi anayevamia mitandao. Mukilisema jina hilo mbiombio mutasikia «Matalusa King».

Sasa sifa zake, na ni kubwa. Filamu inaanzia shimoni. Hilo peke yake linaitenga na filamu nyingi za teknolojia, ambazo kompyuta inaanza maisha yake dukani, safi, ndani ya karatoni. Sisi tunajua haiko vile. Koltani ikisafishwa inatoa tantalum, na tantalum inatengeneza kapasita, vile vipande vidogo vya kutunza chaji, vinavyovumilia joto na kukaa pahali padogo. Rubaya, kule Masisi, kwa makadirio yanayotajwa na Umoja wa Mataifa, inatoa karibu 15% ya tantalum ya dunia. Mwisho wa Aprili 2024 machimbo hayo yaliingia mikononi mwa M23. Kwa hiyo mutu wa Goma akiona Tekno anainua jiwe lake, haoni mfano wala fumbo. Anaona jirani. Kuna wanaolalamika kwamba filamu imepeleka koltani Burundi wakati Rubaya iko kwetu. Mimi simo katika lawama hiyo: koltani inachimbwa Rwanda na Burundi pia, na kifo cha mchimbaji hakina mpaka.

Sifa ya pili ni ya macho. Mavazi na mazingira ni kazi ya Cedric Mizero, msanii wa Rwanda. Nyaya zimekuwa shanga, vipande vya mashine vimekuwa mapambo ya mwili, magurudumu ya baiskeli yamekuwa taji. Vitu ambavyo mama angefagia na kutupa vimekuwa nguo za kifalme. Ni vizuri sana, na sitasema kinyume.

Lakini hapo hapo ndipo shida yangu inaanza. Angalieni tena kile kijiji, na mujiulize swali ambalo fundi yeyote wa Birere angeuliza kabla ya mengine yote: hii mashine inawaka?

Katika filamu, umeme unakuja kwa sababu Neptune amefika. Anaingia kijijini, na nguvu inaingia pamoja naye. Hakuna aliyefungua kitu. Hakuna aliyepima. Hakuna aliyejaribu mara tatu, akashindwa mara tatu, akafaulu ya nne kwa kipande alichotoa kwa mashine ingine. Kompyuta za kijiji kile ni maiti zilizopambwa vizuri, kisha muujiza unazifufua.

Huku kwetu muujiza hauna saa ya kufika. Kuna kijana ameketi nyuma ya meza ndogo, kopo la visu na bisibisi mbele yake, kipimo cha umeme mkononi. Analetewa mashine mbili za aina moja: moja skrini imepasuka, ingine ubao mama umeungua kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka. Anatoa skrini ya ile, anaitia kwa hii. Mbili zilizokufa zinazaa moja hai. Anafungua feni na kupangusa vumbi letu la lava, lile jeusi linaloingia popote, ambalo linaziba njia ya hewa mpaka mashine inapika ubongo wake yenyewe. Anaangalia kapasita iliyoungua, anaiyeyusha risasi na kuing'oa, anaweka ingine iliyotoka kwa ubao wa zamani. Pengine ndani ya kile kipande kuna chembe ya Rubaya iliyozunguka Asia na Ulaya kabla ya kurudi nyumbani.

Betri ni somo lake peke yake. Betri nyingi za kompyuta za mkononi za zamani zina ndani chembe za mviringo zinazoitwa 18650, yaani milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu. Betri ikikataa, mara nyingi siyo chembe zote zimekufa. Ni moja au mbili zinazoangusha wenzao. Fundi anayejua anazipima moja moja, zilizo hai anazitumia kwa taa au kwa kuchajia simu. Asiyejua anaweza kuchoma nyumba, kwa sababu lithiamu ikishika moto haina huruma. Ni elimu ile, hata kama haina diploma ukutani.

Mteja akifika, fundi anamwambia: «Mukubwa, hii mashine haiyakufa, iko nalala tu.» Mimi nasema katika sentensi hiyo kuna filamu nzima, na Neptune Frost haikuipiga.

Kuna watakaonijibu: wewe unataka filamu ya muziki na ndoto igeuke kuwa masomo ya ufundi. Hapana. Ndoto ina haki yake. Ila tuangalie ndoto hii inakaa pahali gani kati ya picha zingine. Kwa miaka mingi dunia imeonyeshwa mashine zilizotupwa Afrika kwa namna moja: moshi na huruma. Mfano unaojulikana sana ni kitabu cha picha cha Pieter Hugo wa Afrika Kusini, Permanent Error, cha mwaka 2011, kilichopigwa Agbogbloshie, Accra, pahali vijana walikuwa wanachoma nyaya ili wapate shaba. Picha zile zina nguvu. Lakini anayeziangalia anabaki na jambo moja: hawa watu wanaangamia katika takataka zetu. Williams na Uzeyman wamekataa huruma ile, na nawashukuru. Wamegeuza takataka kuwa utukufu. Ila kutoka huruma mpaka utukufu wameruka kituo cha katikati, ambacho ndicho watu wengi wanaishi: kazi. Katika picha za Hugo kijana anaunguzwa na kompyuta. Katika filamu hii anaivaa. Wapi anapoitengeneza?

Na kazi hiyo ipo, haihitaji kubuniwa. Mwaka 2013 kule Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alitengeneza mashine ya kuchapa vitu vya umbo kamili kwa kutumia mabaki ya kompyuta na skana za zamani. Na sisi wenyewe tuna chukudu: mbao, kipande cha mpira wa gari, akili. Goma imeisimamishia chukudu sanamu katikati ya mji. Tulielewa kwamba aliyebuni chukudu alistahili heshima. Lakini mwenzake anayefufua kompyuta hatujamwona bado.

Hapa naacha filamu kidogo, kwa sababu jambo hili linatugusa siye wahitimu moja kwa moja. Wangapi kati yetu walisoma informatika, na leo wanaishi kwa kutengeneza mashine za watu, lakini hawasemi? Kwenye sherehe wanajitambulisha kwa cheo cha diploma, siyo kwa kazi ya meza. Mjomba akiwakuta anauliza: «Miaka mitano ya chuo, na sasa uko nafungua-fungua mashine?» Swali hilo linaumiza, na linaumiza kwa sababu sisi pia tunaliamini nusu. Tumefundishwa kuheshimu anayenunua mpya. Anayeokoa ya zamani tunamlipa kwa kunung'unika: «Papa, si ulibadilisha kitu kidogo tu?» Ndiyo, kidogo. Lakini saa tatu zilipita kukitafuta.

Filamu kubwa kama hii ingeweza kumsaidia kijana yule kuinua kichwa. Badala yake imempa mashujaa wawili, mchimbaji na mvamizi wa mitandao, na katikati hakuna mtu. Ujumbe unaobaki, hata kama hawakuutaka, ni kwamba mashine ya zamani inafaa kwa mapambo au kwa vita.

Na kuna jambo zito zaidi la heshima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za umeme katika mwaka 2022, na ni 22.3% tu iliyojulikana kukusanywa na kurejelewa kwa utaratibu. Mikataba ipo: ule wa Basel wa 1989, na ule wa Bamako wa 1991, ambao Waafrika waliuandika ili kukataza takataka za sumu kuingizwa barani. Lakini kontena likifika bandarini likiandikwa «vitu vilivyotumika», nani anajua kama ni mali au ni sumu? Karatasi haisemi. Anayejua ni yule anayefungua, anayepima, anayesema: hizi zitawaka, hizi hapana, na hizi musiguse bila glovu. Mpaka kati ya msaada na utupaji uko kwenye vidole vya fundi. Tukimdharau, tunabaki bila mlinzi mlangoni.

Nirudi kwa filamu na nimalizie kwa haki. Mwisho wake ni mzuri na mchungu: ndege zisizo na rubani zinakuja juu ya kijiji, kila kitu kinalipuliwa, Neptune anabaki. Niliheshimu ukali huo. Filamu haidanganyi kwamba wenye nguvu wakiguswa watacheka. Muziki wake unatoka kwenye ngoma na kwenye koo za wachimbaji, na pale shimoni, wakati watu wanapiga ngoma juu ya mwili wa Tekno, sijaona sinema nyingi zinazosema ukweli namna ile juu ya bei ya kifaa kilicho mfukoni mwetu.

Na ni pale pale, katika kitendo cha Tekno, ninapata ile filamu niliyokuwa natafuta. Tekno hakuiba. Hakugoma. Aliinua jiwe na kulitazama, akitaka kujua ni kitu gani hiki kinachomla. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya fundi: kugeuza kitu mkononi, kuuliza kimetengenezwaje, kukataa kukibeba bila kukielewa. Waandishi walikuwa nayo katika dakika za mwanzo, wakaiacha ife pamoja naye.

Kwa hiyo ushauri wangu: muiangalie, na muiangalie pamoja na mtu anayetengeneza mashine. Mwacheni aongee. Ataona vitu ambavyo wahakiki wa Cannes hawakuona. Atawaambia ubao upi katika ile nguo bado ungefaa. Na vijana wetu wanaoshika kamera hapa Goma, hadithi iko wazi inawangoja. Haihitaji nyota wala malaika. Inahitaji meza, vipande vya mashine mbili, umeme unaokatika, mteja anayengoja karibu na mlango, na kidole kinachobonyeza kwa mara ya nne. Mutuonyeshe kile kitaa kidogo kikiwaka, na mutuonyeshe ni nani aliyekiwasha.