Sifa za Mpiga Ridhimu

Barabara ya kutoka Muheza kwenda Bulwa haimpi dereva nafasi ya kuwaza mengi. Kiangazi ni vumbi, na mvua ikinyesha, nayo Usambara Mashariki hainyeshi kwa kubahatisha, vumbi lote hugeuka utelezi. Unapita Sigi, unaanza kupanda ndani ya msitu wa Amani kona baada ya kona, mpaka miti inakuachia na mashamba ya chai yanafunguka mbele yako. Huko lori la majani mabichi halina muda wa kupoteza, kwa sababu chai iliyochumwa haisubiri: ikirundikwa muda mrefu hupata joto na kuharibika, hivyo ya leo hufikishwa kiwandani leo. Dereva ana haraka, na hawezi kukimbia. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye gia, sikio linasikiliza injini na honi ya mwenzake aliyefichwa na kona. Na flashi imechomekwa kwenye redio, muziki unalia.

Nimejiuliza mara nyingi ni muziki gani unaoweza kukaa na mtu aliye katika kazi ya namna hiyo bila kumwibia akili. Jibu langu ni dansi la Tanga, pamoja na lile lililozaliwa na watu wa Tanga waliohamia Nairobi. Na katika dansi hilo, sifa yangu ya kwanza naipeleka kwa mtu ambaye jukwaani husimama pembeni: mpiga gita la ridhimu.

Bendi ya dansi ya miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa na magita matatu au manne. Solo ndilo linalotembea na jina la bendi. Besi huzungumza chini. Katikati yao liko ridhimu, na bendi nyingine huongeza solo la pili. Mkono wa kushoto wa mpiga ridhimu mara nyingi hauna zaidi ya mishiko mitatu au minne katika wimbo mzima. Kazi kubwa iko kulia. Hapo nyuzi hudonolewa moja moja kwa mpangilio uleule, huku kiganja kikizigusa kidogo karibu na daraja ili mlio uwe mfupi, mkavu, usiowaziba wengine. Anayesikiliza juujuu atasema ni kazi nyepesi. Basi ajaribu kurudia mpangilio huo kwa dakika nane, bila kuongeza mwendo wala kuupunguza, bila kupamba pale kidole kinapotamani kupamba! Nyimbo za wakati ule zilikuwa ndefu kuliko uso mmoja wa santuri ndogo, ndiyo maana zilikatwa, sehemu ya kwanza upande A na ya pili upande B. Geuza santuri uone: waimbaji wameshanyamaza, wimbo umeingia kwenye chemko, ile sehemu ya kucheza, solo linapaa, na ridhimu liko palepale ulipoliacha.

Kukaa hapo palepale ndiko ustadi wenyewe. Chemko likifika kila mtu jukwaani hutaka kukimbia. Mpiga ngoma anasisimka, wachezaji wanapiga kelele, na mpiga ridhimu ndiye mwenye wajibu wa kukataa. Akiyumba yeye, solo halina pa kurudi.

Tanga ilikuwa na sababu zake za kuzaa watu wa aina hii. Ulikuwa mji wa mkonge, na mashamba yake yaliita vibarua kutoka mbali, Wanyamwezi wakiwemo. Bendi iliyokuja kuvuma kwa jina la Jamhuri Jazz ilianza ikiitwa Young Nyamwezi. Kulikuwa na Atomic Jazz, washindani wao wakubwa. Katika mji huohuo, Black Star na Lucky Star walikuwa wakiingiza magita ya umeme kwenye taarabu, Shakila akiimba. Kijana wa Tanga mwenye masikio alikua kati ya bendi na vikundi hivi vyote, na alijifunza mapema kwamba gita lina kazi ya kumsindikiza mwingine kabla ya kujionyesha.

Ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, walipita Jamhuri Jazz, wakaenda Arusha, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka hadi Nairobi na kuunda Simba Wanyika. Nairobi ndiko zilikokuwa kampuni za santuri; kwetu bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani. Mwaka 1978 Omar Shabani, mpiga ridhimu wa Simba Wanyika aliyeitwa Profesa, alijitenga pamoja na wenzake kadhaa, wakaanzisha Les Wanyika. Katika muziki ambao magazeti na mabango huwatukuza waimbaji na wapiga solo, bendi iliyotupa "Sina Makosa" iliongozwa na mpiga ridhimu. Isikilize tena kwa makini. Besi la Tom Malanga linaacha mapengo makubwa kwa makusudi, na ridhimu linapita humo bila kuyajaza yote. Nadhani hapa ndipo gita hili lilipofikia kilele chake Afrika Mashariki.

Nimesema dansi hili linafaa kwa dereva. Linafaa pia shambani, na sababu yake inanivutia zaidi. Nyimbo za kulima hupangwa ili majembe yashuke pamoja. Kuchuma chai si hivyo. Kila mchumaji ana mstari wake na kasi yake, vidole vinatafuta majani mawili na chipukizi, konzi ikijaa inatupwa nyuma ya bega ndani ya kikapu. Wimbo wa kuwaamuru wote washushe mkono kwa pamoja ungewaharibia kazi. Ridhimu haliamuru. Linalia kutoka kwenye simu ya kitochi iliyo mfukoni, na mwenye mkono wa haraka na mwenye mkono wa pole wote wanapata pa kukanyaga. Jioni, anayedarizi kitambaa au kushona kroshia barazani naye anaweza kuhesabu tundu zake huku muziki ukiendelea, kwa kuwa maneno ya nyimbo hizi anayajua tangu utoto na chemko halina maneno mengi.

Jambo moja nalisisitiza kwa wanaoendesha: muziki usizidi honi. Bendi hizi ziliishi barabarani, na barabara ilizidai. Mbaraka Mwinshehe, aliyekuwa mpiga solo mkubwa wa Morogoro Jazz na kisha Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Kwenye kona za Amani, na zile za Mombo kupanda Soni hadi Lushoto ambako lami huwadanganya wageni, sauti ya redio iwe ile inayoruhusu kusikia gari la mwenzako.

Siku hizi mashine inaweza kurudia mdundo mmoja usiku kucha bila kuchoka, na studio nyingi zimeona hapo hakuna haja ya mtu. Sikubaliani nazo. Mashine hairudii kwa kusikiliza. Mpiga ridhimu hurudia huku amemwangalia mwimbaji, na mwimbaji akichelewa kuvuta pumzi, gita linamsubiri kiasi kidogo ambacho hatukioni, lakini mwili unakijua.

Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa, mnapotaja jina la mwimbaji na la bendi, tajeni na aliyepiga ridhimu. Wapo wazee wanaokumbuka, waulizeni mapema. Nawe kijana wa Bulwa, wa Muheza, wa Lushoto, uliyepata gita la kuazima, usianze na solo. Tafuta mzee aliyewahi kupiga bendi, shika mishiko mitatu, mwache mwenzako aimbe, na ukae hapo mpaka wimbo uishe.