Kuhamisha au Kutoa? Uhakiki wa Istilahi za Video ya Picha

Miongoni mwa kazi zinazofanywa siku hizi katika studio za picha za Morogoro Mjini ni ile ya kuzikusanya picha za arusi, za kipaimara, za mahafali au za msiba, kuzipanga kwa mfuatano, kuzitilia muziki na kuzifanya video ambayo ndugu walioko Mgeta, Matombo, Dar es Salaam na ng'ambo wataipokea katika simu zao. Kazi hiyo imekwisha zoeleka. Istilahi zake bado. Fundi husema "naiekspoti", mteja husema "nirushie", na programu yenyewe, ikiwa imewekwa katika Kiswahili, aghalabu husema "hamisha" na "shiriki". Tumekusudia kuyapima maneno hayo kwa swali moja tu: je, mwenye picha akilisoma neno hilo, ataelewa ni nini kitakachozipata picha zake?

Kazi yenyewe

Istilahi haiwezi kuhakikiwa kabla jambo lenyewe halijaeleweka. Fundi anapozipanga picha 60, kila moja ikae sekunde 5, katika programu nyingi kompyuta haiziunganishi picha hizo. Inachoandika ni maagizo: picha ipi itangulie, ikae muda gani, ififie vipi, muziki uanzie wapi. Mara nyingi faili ya maagizo hayo haina picha hata moja ndani yake. Ina anwani tu za mahali picha zilipohifadhiwa. Faili hiyo ikipelekwa peke yake kwa shangazi aliyeko Matombo, simu yake haitaonyesha kitu.

Ili shangazi apate cha kutazama, lazima kompyuta iyasome maagizo, ichore fremu moja baada ya nyingine, na kuzifunga zote katika faili moja ya video, kwa kawaida ya aina ya MP4. Picha 60 za sekunde 5 ni dakika 5. Kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde, zitachorwa fremu 7,500. Zikifungwa kwa kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde, video itafikia megabaiti 300. Kwa megabiti 2, itakuwa megabaiti 75 hivi. Ndiyo sababu kazi hiyo huchukua muda, na ndiyo sababu fundi hodari humwuliza mteja video itatazamwa wapi: katika televisheni ya ukumbini, au katika simu, ambako kila megabaiti hulipiwa kwa bando.

Katika maelezo hayo yamo mambo mawili ambayo istilahi haina budi kuyaheshimu. Kwanza, picha za asili hazikuondoka zilipokuwa. Pili, kilichomo katika video si picha zile kwa ukamilifu wake. Picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ikiwekwa nzima katika fremu ya 1,920 kwa 1,080 itabaki na pikseli 1,440 kwa 1,080. Yaani takriban sehemu moja ya nane ya pikseli zake za awali.

Kasoro ya "hamisha"

Sasa tulitazame neno "hamisha". Katika Kiswahili, kinachohamishwa huacha pengo nyuma yake. Mtumishi wa serikali akihamishwa kutoka Morogoro kwenda Kilosa, kiti chake cha Morogoro hubaki wazi. Mtu akihamisha shilingi 10,000 kwa simu, salio lake hupungua. Menyu hizo hizo za kompyuta hulitumia neno "hamisha" kwa kitendo cha kuitoa faili katika folda moja na kuitia katika nyingine, na hapo limekaa mahali pake, kwa kuwa faili huondoka kweli. Kulitumia tena kwa kitendo ambacho hakiondoi chochote ni kuvipa vitendo viwili vinavyopingana jina moja.

Yawezekana msomaji akaona kwamba huu ni ubishi wa watu wa kamusi. Tuchukue mfano. Mama mmoja ana picha za mazishi ya mzazi wake katika simu iliyojaa. Anaambiwa, na mtu au na kioo cha simu, kwamba picha zimekwisha kuhamishwa katika video. Anachofahamu ni kwamba sasa makao ya picha hizo ni video ile. Kwa hiyo anazifuta ili simu ipate nafasi. Mwaka unaofuata anataka kuichapa moja aitie katika fremu ya ukutani. Alichobakiwa nacho ni ile sehemu moja ya nane, nayo imekwisha kubanwa mara ya pili ilipotumwa kwa WhatsApp. Hatusemi kwamba neno ndilo lililozifuta picha. Tunasema kwamba neno lilimhakikishia kuwa ni salama kuzifuta, na hapo halikusema kweli.

Neno "safirisha", ambalo baadhi ya wafasiri hulipendelea, lina kasoro ile ile na nyingine juu yake. Limechukuliwa kutoka katika biashara ya bandarini, ambako katani ikikwisha pakiwa melini haiko tena ghalani. Tena humfanya msomaji adhani kwamba video imekwisha fika kwa mtu, hali bado imo ndani ya kompyuta ya fundi.

Hoja ya upande wa pili

Watetezi wa "hamisha" wana hoja inayostahili kujibiwa. Husema kwamba "pakua" nalo ni neno la kuondoa: mtu hupakua mzigo katika lori, na hupakua wali katika sufuria, hata hivyo faili ikipakuliwa mtandaoni hubaki ilikokuwa, wala hakuna aliyelalamika. Jibu letu ni kwamba neno hilo limefaulu kwa sababu ya sufuria, si kwa sababu ya lori. Kila Mswahili anajua kwamba sahani moja haimalizi chungu, na kwamba baada yake watapakua wengine. "Hamisha" halina sufuria ya kuliokoa; mifano yake yote katika maisha ya watu ni ya kuondoka.

Neno lililokwisha kuwapo

Neno linalofaa halihitaji kuundwa, kwa maana watu wanalo. Katika maduka ya vifaa vya ofisi watu husema kila siku: "Naomba unitolee kopi." Hakuna anayeogopa kwamba cheti chake kitamezwa na mashine. Anajua kwamba atarudishiwa chake, na pamoja nacho kitu kipya kilichotokana nacho, ambacho pengine kimefifia kidogo kuliko cheti chenyewe. Vivyo hivyo gazeti hutolewa na kitabu hutolewa, na mswada hubaki kwa mwandishi. Sifa zote mbili tulizozitaja, yaani kubaki kwa asili na upungufu wa nakala, zimo katika neno "toa" kwa matumizi hayo.

Lakini "toa" lina tahadhari yake, kwani ndilo neno la kuondoa na la hesabu pia. "Toa picha" litaeleweka kuwa ni kuiondoa picha. Kwa hiyo yambwa wa kitenzi hiki lazima awe kile kinachozaliwa, si kile kinachotumiwa: "toa video", kamwe si "toa picha". Mfasiri anayekutana na menyu yenye neno moja tu asiliache "toa" peke yake, bali aandike "toa video" au "toa nakala". Kuongeza neno moja si hasara.

Slaidi na mradi

Neno "slaidi" lilitoholewa kwa ajili ya kipande kidogo cha filamu kilichotiwa katika fremu na kumulikwa ukutani kwa projekta. Kampuni ya Kodak iliacha kuunda projekta hizo mwaka 2004. Maofisini neno hilo limehamia, na hapa kitenzi hiki ni halali, kwenye kurasa za mada inayowasilishwa mbele ya wasikilizaji; huko liachwe. Kwa picha za arusi "onyesho la slaidi" humfanya mtu atarajie mkutano. "Mfuatano wa picha" latosha, na bidhaa yake ni "video ya picha". Istilahi "picha mnato" na "picha jongefu" zibaki na kazi yake ya kutofautisha aina mbili za picha; hapa hazitusaidii, kwa maana video hii imejaa picha mnato.

Faili ya maagizo nayo huitwa "mradi". Mjini Morogoro mradi ni wa maji au wa barabara. Fundi mwenyewe huiita "kazi": "kazi yako ninayo, rudi kesho." Tumfuate fundi.

Shiriki, rusha, sambaza

"Shiriki" ndilo kosa lililo wazi kuliko yote. Kushiriki ni kuwa mmoja wa watendaji. "Shiriki video hii" halina maana, na "shiriki katika video hii" ni mwaliko wa kupigwa picha. Kama ni kuwatia wengine katika jambo, mnyambuliko wake ni "shirikisha", na hata huo humtaka mtu awe yambwa: hushirikishwa ndugu, haishirikishwi video.

"Rusha" ni neno lenye uhai, nalo lina historia njema katika redio, ambayo hurusha matangazo. Ila katika maandishi ya kiofisi bado lina harufu ya kijiweni. "Sambaza" ni sanifu, lakini maana yake ni kueneza kwa wengi wasiojulikana. Tofauti hiyo si ya mapambo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Aliyemtumia dada yake picha za msiba na aliyezieneza kwa umma hawakutenda jambo moja, na kitufe kisiwape jina moja. Kwa mtu au kundi linalojulikana neno ni "tuma". Kwa umma ni "sambaza".

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza wafasiri na walimu watumie maneno yafuatayo:

(a) mfuatano wa picha: picha zilizopangwa zionyeshwe moja baada ya nyingine;
(b) kazi: faili ya maagizo ambayo fundi anaweza kuirudia na kuirekebisha;
(c) hifadhi kazi: kuiweka faili hiyo bila kuzalisha video;
(d) toa video: kuzalisha faili ya video, picha za asili zikibaki zilipo;
(e) tuma: kuipeleka video kwa mtu au kundi linalojulikana;
(f) sambaza: kuiweka video mahali ambapo umma utaiona.

"Hamisha" libaki kwa faili inayoondoka kweli. Na pale ambapo programu humwarifu mtumiaji kwamba kazi imekwisha, badala ya "Uhamishaji umekamilika" iandikwe: "Video imetolewa. Picha zako ziko pale pale." Sentensi ya pili haimo katika Kiingereza kinachofasiriwa. Tunaona inafaa kuongezwa.