Siku Tatu za Karantini ya Kitabu

Shule za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya Corona Machi 16, 2020, mwanafunzi wa Turbo alibaki na redio, simu ya mzazi ikiwa na bando, na vitabu vichache vilivyokuwa nyumbani. Maktaba ya taifa iliyo karibu naye iko mjini Eldoret, kilomita thelathini na kitu kwa barabara kuu inayokwenda Malaba, nayo ilifunga milango pamoja na matawi mengine ya Huduma ya Taifa ya Maktaba (KNLS). Hata ingekuwa wazi, matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, na nauli ilipanda.

Matumaini yakawekwa hewani. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilirusha vipindi vya masomo kupitia shirika la utangazaji la KBC. Julai, kampuni ya Loon kwa ushirikiano na Telkom ilianza kusambaza intaneti kwa puto zilizoelea yapata kilomita 20 juu, na Eldoret ilitajwa kati ya maeneo yatakayonufaika. Januari 2021 Loon ikatangaza kwamba inafunga biashara. Kitabu cha karatasi hakidai bando, ila lazima awepo mtu wa kukitoa na kukipokea. Sasa kikirudi, je, kimebeba virusi?

Jibu lilitafutwa Marekani na mradi wa REALM, ulioongozwa na shirika la maktaba la OCLC, huku vipimo vikifanywa na maabara ya Battelle. Walipaka virusi hai kwenye majalada na kurasa, wakaviacha katika joto la kawaida la chumba, kisha wakapima siku baada ya siku. Matokeo ya kwanza, Juni 2020, yalionyesha kwamba baada ya siku tatu havikupatikana tena. Lakini hapo vitabu vilikuwa vimetandazwa. Vilipopangwa kimoja juu ya kingine, virusi vilipatikana hata siku ya sita. Maana yake, mkutubi aliyevirundika kwenye katoni na kuandika tarehe juu yake hakuwa ametimiza karantini yoyote. Alihitaji meza tupu, na kwa bahati maktaba iliyofungwa ina meza tele.

Tupige hesabu. Kutoka Machi 16 hadi Oktoba 12, Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 waliporudi shuleni, ni siku 210. Nakala inayoazimwa kwa wiki moja huhudumia wasomaji 30 katika muda huo. Ongeza siku tatu za karantini, wanabaki 21. Ongeza wiki nzima kwa kuogopa, wanabaki 15: nusu ya wasomaji wamepotea bila kitabu hata kimoja kuibwa! Dawa ilikuwa kupunguza muda wa kuazima uwe siku nne, ili pamoja na karantini mzunguko ubaki wiki moja.

Aprili 2021 kituo cha CDC cha Marekani kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa jumla ni chini ya mara 1 katika kila 10,000. Hatari kubwa ilikuwa hewa ya ukumbini. Na maktaba zetu, tusidanganyane, hutumika zaidi kama kumbi za kusomea: mwanafunzi huja na daftari lake, akatafuta kiti na utulivu. Kufunga ukumbi kulikuwa na sababu. Kusimamisha uazimaji pamoja nao ni jambo jingine, hasa kwa KNLS, ambayo tangu 1996 imepeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa na inajua vizuri kazi ya kumfuata msomaji alipo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziweka maktaba chini ya kaunti, kwenye orodha moja na kamari, leseni za pombe na sinema. Sishangai basi kwamba katika maagizo ya Corona zilihesabiwa kama mahali pa mkusanyiko, wala hakuna aliyeuliza kama kaunta ya kuazima inaweza kuhamishiwa mlangoni.

Madarasa mengine hayakurudi hadi Januari 4, 2021, siku 84 zaidi. Kwa mwanafunzi wa Darasa la 5 pale Turbo hizo ni siku 294 nje ya shule. Katika muda huo nakala moja ya hadithi, kwa mzunguko wa siku 10, ingepita kwa wasomaji 29. Kwa mzunguko wa wiki moja, 42.