Matuta ya Kidole

Huko Kainam, kwenye nyanda za juu za Mbulu, Wairaqw wamelima miteremko ileile kwa vizazi vingi bila kuacha mvua iisombe. Mpita njia huona matuta tu. Mwenye shamba huona tuta linapokatikia, linapogawanyika mawili, na kipande kifupi kilichobanwa katikati ya marefu. Mtaalamu wa alama za vidole huitazama ngozi kwa jicho la namna hiyo.

Matuta ya kidole hujichora mtoto akiwa bado tumboni, na hata ya pacha wa kufanana hayalingani. Umbo la jumla halimtambulishi mtu: zaidi ya nusu ya vidole vyote vina vitanzi, vingi vya vilivyobaki vina mizunguko, na matao ni machache. Kinachomtenga mtu mmoja na mwingine ni pale tuta linapoishia au kugawanyika, mahali penyewe na mwelekeo wake.

Kabla ya kompyuta, shida kubwa ilikuwa kabati la kadi za alama. Utaipataje kadi moja katika maelfu? Jibu lilipatikana Calcutta, ambako ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa mwaka 1897. Azizul Haque na Hem Chandra Bose walisaidia kubuni hesabu iliyogawa kadi za vidole kumi katika mafungu 1,024. Mfumo ukapewa jina la bosi wao, Edward Henry, jambo ambalo hadi leo naliona si haki. Sheria za India nazo zilivuka bahari zikaja Afrika Mashariki, na Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, iliyozirithi kwa sehemu kubwa, hupokea maoni ya mtaalamu kuhusu alama za vidole.

Wengi wetu tulikutana na mashine ya kusoma alama za vidole tuliposajili laini za simu, kazi iliyofikia kilele Januari 2020. Pale mashine ilikuwa na swali jepesi: je, kidole hiki ni cha mwenye namba hii ya kitambulisho cha NIDA? Ililinganisha alama moja na rekodi moja. Polisi huja na swali gumu zaidi: hiki ni cha nani?

Tuseme duka limevunjwa mjini Katesh na mwizi ameshika kioo cha dirisha. Askari hupaka unga kwa brashi laini, maana mkono ukiwa mzito kidogo matuta yanafutika, kisha hunyanyua alama kwa utepe wa gundi. Kwenye plastiki, mvuke wa gundi ya supaglu huganda juu ya jasho na kuigeuza alama kuwa nyeupe. Mara nyingi kinachopatikana ni kipande tu, kimepinda, kimepandana na kingine. Mtaalamu hukaa nacho kwanza, akiweka nukta kwenye kila mwisho na kila mgawanyiko anaouamini. Ndipo kompyuta huigeuza ramani hiyo kuwa namba, huipitisha kwenye rekodi zote, na kurudisha orodha ya wanaofanana zaidi. Kompyuta haisemi "ni huyu". Inaondoa umati ili mtu abaki na wachache wa kuwatazama.



Orodha hiyo haina maana kama rekodi ilichukuliwa ovyo, na hapa Mbulu ni mtihani. Mkono ulioshika jembe tangu utotoni, au uliokanda saruji, huwa na matuta yaliyolika na nyufa zinazoyakata. Anayejua kazi huosha mkono huo, huukausha, kisha huviringisha kila kidole kutoka ukingo wa ukucha hadi ukingo wa pili kwa mgandamizo uleule. Akiharakisha, mashine italinganisha matope na matope.

Lakini hata rekodi ikiwa safi, mtu anaweza kukosea. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya mabomu ilipitishwa kwenye kompyuta ya FBI. Ilirudisha watu 20. Wataalamu wakamchagua wa nne, wakili mmoja wa Oregon, na mwenzao aliyepewa kazi ya kuhakiki akakubali, akijua tayari wenzake wameamua nini. Wahispania walitazama alama ileile wakasema hailingani. Wamarekani walishikilia msimamo, wakamkamata mwanasheria huyo, wakamweka ndani wiki mbili. Wahispania wakaendelea kutafuta hadi wakampata mwenye kidole, raia wa Algeria.

Kadiri rekodi zinavyoongezeka, ndivyo kompyuta inavyozidi kukuta watu wanaokaribiana sana bila kuwa mtu mmoja. Ndiyo maana fundi ninayemsifu zaidi ni yule anayeona tofauti moja asiyoweza kuieleza, huku mkuu wa upelelezi akisubiri jina mlangoni, akaandika kwamba alama haitoshi.